Shida Ilikuwa Hamoniki: Maisha ya Fundi Polikarp wa Mollo

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, Mwenyekiti wa Mtaa, wanajumuiya wenzetu, mafundi wote mliofunga karakana zenu leo, na nyinyi mliotoka Chala mmesimama nyuma ya lori na baridi hii ya mwezi wa nane, familia inawashukuru, anayeweza kukaa naomba akae.

Mimi ni Kalista Mathias, fundi cherehani, mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa. Kaka zangu walinikabidhi karatasi ya ukurasa mmoja wakaniambia nisome kama ilivyo, nisiongeze neno, maana wananijua, nami nilipoisoma nikaona tarehe zote zimo ila mwenyewe hayumo, kwa hiyo nimeongeza, na atakayenuna atanuna baada ya maziko. Tena lipo jambo moja lenye umri wa miaka kumi na minne ambalo ni lazima nilitoe leo kabla udongo haujarudi shimoni, kwa sababu ndugu yangu anazikwa akiwa na jina la utani la Mchongezi, mnalijua wote, mmelicheka wote, na jina hilo halikuwa lake. Nitalifikia, msiniharakishe.

Marehemu Polikarp Mathias alizaliwa hapa Mollo siku ya Alhamisi, tarehe 26 Januari 1961, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Mathias na Mama Klementina, na kwa kalenda ya Kanisa ya miaka ile siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Polikarp, kwa hiyo katekista hakupata shida ya kutafuta jina. Mama yetu huyu hapa mbele yenu, ana miaka themanini na mitatu, jana ametukataza kulia kwa fujo, amesema mtoto huyu alimchekesha maisha yake yote na hataki azikwe kama aliyekosa watu.

Utotoni alilima mahindi na ulezi kama sisi wengine, ila akili yake haikuwa shambani. Mwaka 1973, akiwa na miaka kumi na miwili, aliazima baiskeli ya katekista bila katekista kujua, akaigeuza miguu juu kichwa chini, akavuta waya kutoka kwenye dainamo mpaka kwenye banda la kuku la Mama, akawa anazungusha pedali kila jioni ili kuku wapate mwanga, kuku wakakosa usingizi, wakaacha kutaga wiki mbili nzima, na Mama alipogundua sababu alimchapa kwa mkono mmoja huku kwa mwingine ameziba mdomo asionekane anacheka.

Alisoma Shule ya Msingi hapa Mollo kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akamaliza darasa la saba, na mwaka 1977 alikwenda Mbeya kusomea ufundi umeme, akahitimu Novemba 1979 na cheti chake, akarudi na suruali ya bugaluu ambayo Mzee aliikataa isivuke kizingiti. Januari 1980 aliajiriwa katika karakana ya shirika moja la umma pale mjini Sumbawanga, akafanya kazi miaka kumi na minne bila barua ya onyo, akiimba besi kwenye kwaya kila Jumapili, hadi tarehe 30 Juni 1994, mageuzi yalipokuja, mashirika yakafungwa au yakauzwa, na yeye na wenzake wakapunguzwa kazini siku moja.

Wapo waliorudi nyumbani siku ile wakalala kitandani mwezi mzima, na siwalaumu. Polikarp alirudi, akala ugali wake, akaomba aongezewe mboga, akasema kama kila mtu sasa ruksa kufungua duka, basi kila duka litataka taa, na taa inamtaka fundi. Ikawa hivyo kweli. Mji ulichangamka, vikaja vibanda vya video, saluni, majokofu ya soda, vyerehani vya umeme, mashine za kusaga za watu binafsi, na mwaka 1996 Mzee Leonardi, ambaye naye tunaye hapa, shikamoo mzee, akajenga ghorofa lake karibu na soko, la kwanza kwa mtaa ule, na fundi aliyelifunga umeme jengo lote, chini na juu, ni marehemu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana bila hili hamtaelewa ndugu yangu alikuwa mtu gani. Jengo kama lile huingiziwa umeme kwa nyaya tatu za moto, na umeme ukishafanya kazi hurudi kwa waya mmoja ambao mafundi wanauita nyutro. Chuoni alifundishwa kwamba nyaya tatu zikibeba mzigo sawa, zinapokezana, kinachorudi kinafutana, nyutro inarudi karibu mikono mitupu, kwa hiyo waya mwembamba unatosha, na enzi za balbu, pasi na mota ilikuwa kweli tupu. Akaweka nyutro nyembamba kwenye ghorofa la Mzee Leonardi, wakafurahi wote, pakafanyika na karamu.

Oktoba 1999 alikwenda Mbeya tena kwenye semina ya wiki mbili, akarudi na daftari la kurasa themanini lililojaa michoro ya mawimbi, na neno ambalo Ufipa nzima hakuna aliyewahi kulisikia, hamoniki. Alilitaja mezani, akalitaja kwenye jumuiya, akalitaja hadi mazoezini kwa kwaya, wanakwaya wakapiga makofi kwa furaha wakidhani kigango kinanunuliwa kinanda.

Januari 2002 chumba kikubwa cha juu cha ghorofa lile kilikodishwa na binti wa miaka ishirini na tisa kutoka Chala, aliyekuja na kompyuta za mitumba kumi na nane, akafungua darasa la kuchapa na kutumia kompyuta, na vijana wa mji wakapanga foleni hadi kwenye ngazi. Jina lake Monika. Wifi, kaa vizuri, ndiyo zamu yako.

Tarehe 2 Aprili mwaka ule ubao mkubwa wa umeme wa jengo ulitoa moshi, tarehe 9 ukatoa tena, nyutro ikayeyuka ngozi yake kama mshumaa, na cha ajabu hakuna fyuzi hata moja iliyokatika. Mzee Leonardi alipandwa na hasira, akasema kuna mtu anachezea nyaya zake, na akimjua atamtoa na vyombo vyake. Jumatano tarehe 10 marehemu alipanda ngazi kukagua, ana testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, mdomoni, mikono yote miwili iko ndani ya ubao, na ukuta wa pili mashine ya kusaga ya Malimi inanguruma, mnajua ilivyokuwa inanguruma ile, ukiita mtu upande huu anaitika wa mtaa wa Jangwani. Akamtuma mtu mmoja aliyekuwa chini ya ngazi, akamwambia, nenda kamwambie mzee, shida ni hamoniki.

Mtu yule akaenda mbio, akamwambia mzee, shida ni ya Monika.

Chekeni, ila siku ile haikuwa ya kuchekesha. Kabla ya saa nane Monika alikuwa ameambiwa ahame hadi Jumamosi jioni, yeye na mashine zake, na kabla ya jua kuzama soko zima lilishajua kwamba binti wa Chala anaiba umeme, na waliokosa kazi wakaongeza kwamba kompyuta zake zina vitu ndani. Wanafunzi wakaanza kuja kudai nafasi zao zifutwe. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wake wote wa kulimia ili zile kompyuta zifike Sumbawanga, na kama angerudi Chala na jina lile, angerudi mwizi, asingekuwa na pa kusimama tena.

Marehemu aliposikia siku ya pili alishika kichwa, akaenda kwa Mzee Leonardi akamwomba saa moja tu, Jumamosi saa kumi, wapangaji wote wawe uani. Jumamosi tarehe 13 Aprili tukakusanyika, mimi na Mama tukiwemo, Monika amesimama pembeni na mabegi yake mawili miguuni, macho makavu, hamwangalii mtu. Mzee Leonardi akauliza mbele ya watu wote neno la kwamba shida ni ya Monika lilianzia kinywani mwa nani. Marehemu akawatazama watu wote waliosimama pale, mmoja mmoja, kisha akasema ni mimi mzee, nilikuwa na testa mdomoni, nilitamka vibaya, namwomba radhi dada huyu. Na hapo ndipo jina la Mchongezi lilipozaliwa, Malimi ndiye aliyelitoa, papo hapo, maana Malimi ni mtani wetu wa kujipachika na huwa hangoji kualikwa.

Kisha akatoa mita ya kubana aliyoiazima Mpanda, akaibana waya wa kwanza wa moto, ikasoma kumi, wa pili kumi, wa tatu kumi, halafu akaibana nyutro, ambayo kwa hesabu za zamani ilitakiwa isome karibu na sifuri, ikasoma kumi na sita. Watu wakatazama mita, wakamtazama yeye, hakuna aliyeelewa kitu. Akaagiza kinu.

Ndiyo, kinu, na michi mitatu, na mahindi ya kukoboa. Akamwita Mama, akaniita mimi, na wa tatu akamwita Monika mwenyewe, aweke mabegi chini aje atwange. Tukaanza, Mama anashusha, mimi nashusha, Monika anashusha, zamu kwa zamu, michi haigongani, kinu kimetulia. Akasema hizo ndizo nyaya tatu, mnaona zinavyopokezana, hakuna anayemlemea mwenzake. Sasa, akasema, kila mmoja kwa kila pigo lake moja la mchi apige na mguu chini mara tatu, kwa mpangilio sawa, asikose. Tukaanza tena. Jamani, michi ikawa bado inapokezana vilevile, lakini miguu yetu yote mitatu ikawa inatua kwa pamoja, puu, puu, puu, tutake tusitake, na vumbi likatimka uani, na maji ya kwenye ndoo ya saluni yakawa yanatetemeka.

Akapaza ile sauti yake ya besi, akasema balbu hunywa umeme taratibu kama mtu anywaye uji, ila kompyuta, na video, na hizi taa mpya, hubugia kwa mafundo, na ule ubugiaji ndio mguu, ndio hamoniki, mchi hufutana ila mguu hujumlika, na ardhi inayokanyagwa na wote ndiyo nyutro, na nyutro haina fyuzi ya kuilinda. Wala si kosa la Monika, akasema, kompyuta ni halali yake, wala si la mwenye video. Waya niliuweka mimi, mwembamba, mwaka 1996, nikiamini dunia itabaki ya balbu, kwa hiyo Mzee Leonardi, kama kuna wa kuhama jengo hili, mtu huyo ni mimi.

Halafu Malimi akauliza kwa sauti ya juu kama Wafipa siku hizi wanatwanga kwa miguu, uani kote kukalipuka kicheko, Mzee Leonardi akacheka hadi akaegemea ukuta, na akayabeba mabegi ya Monika kwa mikono yake mwenyewe, akayapandisha ngazi.

Siku mbili zilizofuata marehemu alibadilisha nyutro ya jengo akaweka nene mara mbili, akazipa kompyuta nyutro tatu za peke yake, kila waya wa moto na njia yake ya kurudia, na ubao ule haujatoa moshi hadi leo. Alikuwa akiwaambia mafundi wachanga kwamba hamoniki haifukuzwi, hupunguzwa, ukishawasha kompyuta ipo, kazi ya fundi ni kuipa njia pana ya kurudi. Kwenye ukuta wa karakana yake aliandika kwa rangi nyekundu, NYUTRO NENE, USINGIZI MNONO, na mafundi kumi na mmoja waliopita mikononi mwake wanaweza kuwathibitishia, kwenye mashule na vituo vya afya kuanzia Pito hadi Chala, kwamba alikuwa hakubali waya mwembamba hata umpigie magoti.

Sasa ndoa. Ndugu yangu alifikisha miaka arobaini na moja hajaoa, Mama alishafanya novena zote zilizopo kitabuni, sisi tulishasema huyu kaoa waya. Jumatatu baada ya kinu Monika alishuka ngazi kwenda kugombana naye kwa kumchafulia jina, wakagombana hadi saa ya kufunga, kesho yake akashuka tena kwa sababu kuna neno alilisahau, na ugomvi huo ukaendelea miezi kumi na minne, hadi Jumamosi tarehe 5 Julai 2003 walipofunga ndoa takatifu hapa kigangoni, Malimi akaleta dume la ng'ombe na kulihutubia. Walijaliwa watoto watatu, Flavian aliyezaliwa tarehe 11 Mei 2004, Hilaria tarehe 2 Februari 2007, ambaye testa ya baba yake iko mfukoni mwake sasa hivi, nimeiona, na Debora tarehe 19 Septemba 2010. Ilikuwa nyumba ya kelele na vicheko, ugali ukiungua mume anasema shida ni ya Monika, na Monika anamjibu tangu lini Mchongezi akasema kweli.

Mwezi Februari 2015 alianza kuugua figo, akatibiwa hapa Sumbawanga, baadaye Mbeya, akarudi nyumbani Mei mwaka huu, na wiki tatu zilizopita akalazwa tena. Hata wodini aliendelea na kazi, aliitazama taa iliyokuwa inavuma juu ya kitanda, akamnong'oneza daktari kwamba shida ni hamoniki, daktari akatoka kwa haraka, akarudi na nesi anayeitwa Monika. Kaka alicheka hadi dripu ikachomoka. Kilikuwa kicheko chake kikubwa cha mwisho, na namshukuru Mungu nilikuwepo. Jumanne tarehe 9 Agosti 2016, saa tano asubuhi, mkewe amemshika mkono wa kulia na Mama wa kushoto, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote, pamoja na nesi Monika tuliyemsumbua bure, majirani wa Mollo mliotuletea kuni na unga bila kuulizwa, kwaya iliyoimba huku ikikosa besi yake, jumuiya, mafundi wenzake, na Mzee Leonardi aliyefunga ghorofa zima leo. Nimetanguliza shukrani kwa makusudi, maana nikilianza lile jambo sijui kama nitaweza kushukuru mtu.

Wifi Monika, mtu aliyekuwa chini ya ngazi ni mimi.

Kaka hakutamka vibaya, alitamka sawasawa, mimi ndiye niliyesikia vibaya, na hata hilo si lote. Chumba kile cha juu nilikuwa nakitaka mimi, kwa darasa la ushonaji, nilishamwomba Mzee Leonardi, ukaja wewe na kompyuta zako ukakichukua, kwa hiyo jina lako lilipoingia sikioni mwangu lilikuta limeshaandaliwa kiti. Sikurudi kuuliza. Nikatia na chumvi, ni mimi niliyemwambia mzee kwamba fundi amekuona unachezea nyaya. Siku ile uani kaka alinitazama, akaona uso wangu, akajua yote, akalibeba yeye, mzee akaniona mjumbe tu, na kaka hakunidai neno miaka kumi na minne. Wodini alinishika kidole, akasema Kalista, siku ukisoma historia yangu, nyutro uiweke nene. Alichotaka nilikielewa. Mchongezi ni mimi, Polikarp hakumchongea mtu hata mara moja. Nisamehe, wifi.

Karatasi yangu imeishia hapo, haya ninayosema sasa sikuyaandika. Naona wifi ananyanyuka. Naona anacheka, jamani, na machozi yanamtoka, anasema nini? Anasema alijua. Anasema kaka alimwambia usiku wa harusi, akamwapisha asinitaje, na kila yeye alipomwita kaka Mchongezi mbele yangu, kwenye Krismasi, kwenye ubatizo, kwenye ngano tukipepeta, alikuwa ananitazama mimi, akingoja, miaka kumi na mitatu. Aa, Monika! Na mimi nilikuwa nacheka kuliko watu wote.

Njoo hapa, wifi, nishike. Kaka, umesikia mwenyewe, imerudi yote, na waya umepoa. Pumzika kwa amani, fundi wetu.